Somo la Wanachama: Maji, Kutoka Kisimani Hadi Kikombeni



Kila msimu mkaguzi anapofungua vitabu vya chama cha msingi cha kahawa, jambo la kwanza analolitafuta ni tofauti kati ya kilo zilizopokelewa kwenye mzani wa chama na kilo zilizofika kiwandani. Stakabadhi zipo, sahihi zipo, lakini gunia limefika likiwa jepesi. Tofauti hiyo tunaiita upotevu wa njiani, na hapo ndipo maswali huanza. Katika somo la toleo hili nataka tuyatazame maji ya kunywa kwa jicho hilohilo. Wataalamu wa tiba na wa maji wameyapima maji kwenye mizani miwili, yaani pale yanapochotwa na pale yanaponywewa. Kilichopotea njiani ni usafi, na upotevu huo ni mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Deni la upotevu huo hulipwa na watoto. Hesabu zilizofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilionyesha kuwa maradhi ya kuhara yaliwaua watoto zaidi ya milioni 4 wa umri wa chini ya miaka 5 kila mwaka duniani. Siku hizi idadi hiyo imeshuka hata chini ya nusu milioni kwa mwaka. Maendeleo hayo ni makubwa, lakini waliobaki katika hesabu hiyo wengi wao wako Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini, katika nyumba kama za wanachama wetu, na karibu wote wangeweza kuokolewa kwa vitu visivyozidi thamani ya kilo chache za mazao.

Chemchemi za Busia

Ushahidi wa kwanza uko karibu nasi. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watu wengi wa vijijini huchota maji katika chemchemi. Katika miaka ya 2000 ulianzishwa mpango wa kuzijengea: jicho la maji hufunikwa kwa zege, na maji hutokea kwenye bomba, ili matope na kinyesi vinavyosombwa na mvua visiingie. Wachumi, akiwamo Michael Kremer ambaye mwaka 2019 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, waliamua kwa njia ya kura ni chemchemi zipi zitangulie kujengewa na zipi zingoje, kisha wakayapima maji ya pande zote mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011.

Walichokihesabu ni bakteria aitwaye E. koli, ambaye makazi yake ni matumbo ya watu na wanyama. Akionekana ndani ya maji, ni ushahidi kwamba kinyesi kimepita hapo. Kwenye chemchemi zilizojengewa uchafu huo ulipungua kwa kiasi cha thuluthi mbili. Lakini watafiti hawakuishia chemchemini; waliyafuata maji hadi majumbani, wakayapima tena ndani ya vyombo. Huko uchafu ulikuwa umepungua kwa kiasi cha robo tu. Kuhara kwa watoto wadogo nako kulipungua kwa kama robo, jambo ambalo si dogo, ila sehemu kubwa ya faida iliyonunuliwa kwa saruji na mabomba ilikuwa imemwagika kati ya chemchemi na kikombe.

Inamwagikaje? Kila mwenye nyumba anajua, ingawa hatupendi kulisema. Dumu halijasuguliwa ndani tangu linunuliwe. Ndoo iko wazi. Kikombe kinatumbukizwa pamoja na vidole, na vidole vimetoka kumsafisha mtoto. Mwaka 1993 katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, iliyokuwa na wakimbizi kutoka Msumbiji, kaya kadhaa zilipewa ndoo zenye mfuniko na mdomo mdogo wa kumiminia, na nyingine zikaendelea na ndoo zao za kawaida. Katika kaya zilizopewa ndoo mpya, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5 kulikuwa pungufu kwa asilimia 31. Tofauti iliyokusudiwa kati ya makundi hayo ilikuwa ndoo tu.

Nimehudhuria sherehe nyingi za kuzindua visima, zenye ngoma, utepe na hotuba. Sijapata kualikwa kwenye uzinduzi wa mfuniko wa ndoo.

Dawa inayoyafuata maji

Kuchemsha maji mpaka yatokote huua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vingine vya kuhara. Ni njia ya kuaminika, ila ina kasoro mbili: inakula kuni, na maji yakishapoa hayana mlinzi. Mkono mchafu ukiingia, yamechafuka upya. Klorini ina sifa nyingine. Ikitiwa kwa kipimo sahihi na maji yakaachwa kwa dakika 30, huua vijidudu vingi, na kiasi kidogo hubaki ndani ya maji kikiendelea kulinda hata baada ya chombo kufika nyumbani. Mwaka 2022 Kremer na wenzake walikusanya pamoja matokeo ya majaribio 15 ya kutibu maji yaliyofanyika katika nchi mbalimbali, wakakuta kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 hupungua kwa kiasi cha robo pale maji yanapotibiwa.

Kama dawa ni nzuri hivyo na bei yake ni ndogo, kwa nini haitumiki? Swali hili nalo lilichunguzwa Busia. Klorini ya chupa ilipoachwa kuuzwa madukani, pungufu ya kaya 1 katika 10 iliitumia. Watu walipopewa hati ya kupunguziwa bei, waliongezeka kidogo tu. Ndipo watafiti walipoweka tangi dogo la klorini palepale chemchemini, bila malipo, lenye koki inayotoa kipimo kimoja kinachotosha dumu la lita 20, na mwanakijiji mmoja akateuliwa kulijaza na kuwakumbusha wenzake. Matumizi yalipanda hadi kaya kama 6 katika 10.

Yafaa tulitafakari jambo hilo, maana limebeba somo lote. Watu wale hawakuwa wameongezewa elimu kubwa. Kilichobadilika ni mahali pa dawa na mwenye dhamana nayo. Tangi liko pale mtu anaposimama kungoja zamu, jirani anamwona, kipimo hakikosewi, na zile dakika 30 za kungoja humalizika akiwa njiani na mzigo kichwani.

Sharti niseme pia habari isiyofurahisha, kwa kuwa mkaguzi anayetaja faida peke yake hajakagua. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la magharibi mwa Kenya, lililohusisha zaidi ya wanawake wajawazito 8,000 na watoto waliozaliwa nao. Kaya ziligawiwa klorini, vyoo bora, na vifaa vya kunawia mikono, kwa makundi mbalimbali. Kuhara kwa watoto hakukupungua. Jaribio pacha lake lililofanyika Bangladesh kwa wakati uleule lilionyesha kuhara kumepungua. Watafiti wamejadili sababu zaidi ya moja, lakini iko moja ambayo katibu yeyote ataielewa mara moja. Bangladesh wahamasishaji walizitembelea kaya mara kadhaa kwa mwezi; Kenya walizitembelea kama mara moja kwa mwezi. Huko Kenya, maji yalipopimwa, klorini ilionekana katika pungufu ya nusu ya kaya zilizogawiwa, na mwaka wa pili zikapungua tena. Kugawa kifaa na kuondoka ni sawa na kugawa pembejeo bila kitabu cha madeni.

Katika mji wa Dhaka, nchini humohumo Bangladesh, walijaribu kuiondoa kabisa haja ya kukumbuka. Kwenye mabomba yanayotumiwa na kaya nyingi pamoja walifunga kifaa kinachotia klorini chenyewe maji yanapopita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuhara kwa watoto kumepungua kwa asilimia 23.

Mambo mawili ya tahadhari kabla hatujaendelea. Maji yenye tope huimaliza nguvu klorini. Kwanza yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndipo yatiwe dawa. Kitambaa peke yake si kitu cha kudharau: huko Matlab, Bangladesh, kuchuja maji ya mito na mabwawa kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa kama nusu, kwa kuwa vijidudu vyake hupenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini vinavyonaswa na nguo. Pili, klorini haiondoi madini. Wanachama wa upande wa Arusha na Kilimanjaro wanaijua floridi kwa meno ya kahawia ya watoto wao, na ikizidi sana hupinda mifupa. Kuchemsha hakuisaidii, maji yakipungua sufuriani floridi hubaki palepale na ukali wake huongezeka. Bangladesh nao walichimbiwa visima vya mabomba kwa mamilioni ili waache maji ya madimbwi, na mwaka 1993 ikagundulika kuwa vingi vina sumu ya aseniki. Kwa hiyo kisima kipya kipimwe madini kwanza, na cheti cha kipimo kihifadhiwe katika jalada la chama au la kamati ya maji.

Mtoto akishaanza kuhara

Hata kwenye nyumba yenye ndoo nzuri, mtoto anaweza kuhara. Hapo somo linatoka kwenye maji ya kisima na kuingia kwenye maji ya mwilini. Kinachomuua mtoto mara nyingi ni kukaukiwa: maji na chumvi vinatoka upesi kuliko vinavyoingia. Zamani ilidhaniwa kuwa dawa ya kweli ni dripu tu, kwa sababu anayehara kipindupindu hunywa maji na yakapita moja kwa moja. Kisha wanasayansi waligundua kuwa ukuta wa utumbo una milango inayopokea chumvi na sukari zinapokuja pamoja, na zikipita huvuta maji nyuma yake. Robert Crane alilieleza jambo hilo mwaka 1960. Kipindupindu huvuruga mengi tumboni, lakini milango hiyo hubaki wazi. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa wakifanya utafiti Dhaka walithibitisha kuwa wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunyweshwa mchanganyiko huo.

Uthibitisho mkubwa ulikuja katika msiba. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia India. Katika hospitali ndogo ya Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliwakuta wagonjwa wa kipindupindu wamelala sakafuni, na dripu zinakwisha. Aliamuru chumvi, sukari ya glukosi na magadi ya kuokea vipimwe na kufungwa katika mifuko ya plastiki, vichanganywe na maji ndani ya mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakinge kwa vikombe na kuwanywesha wagonjwa wao wenyewe. Vifo, vilivyokuwa vikifikia kama watu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Hakukuwa na wauguzi wa kutosha. Waliofanya kazi ya uuguzi walikuwa mama, baba na dada wa wagonjwa.

Je, ujuzi huo ungefikaje vijijini? Hapa niruhusiwe kukaa kidogo, kwa sababu kazi iliyofuata ilifanana sana na kazi yetu ya ukaguzi. Shirika la BRAC la Bangladesh, baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 1979, lilituma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba kumfundisha kila mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa kipimo cha vidole na ngumi. Hadi mwaka 1990 walikuwa wamefikia kaya zaidi ya milioni 12. Mshahara wa mwalimu haukutegemea idadi ya nyumba alizopita. Baadaye mkaguzi alikwenda kwa kushtukiza katika nyumba chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, akamwuliza mama aeleze na atengeneze. Mama aliyekumbuka vizuri alimletea mwalimu wake malipo zaidi, aliyesahau hakumletea.

Hata hivyo, walipochunguza zaidi waligundua kuwa mama wengi walikumbuka lakini wachache walitumia. Walipotafuta sababu, waliona kuwa baadhi ya walimu wenyewe hawakuyaamini maji hayo. Wakiugua walikimbilia vidonge. Na wanaume hawakuwa wameambiwa lolote, nao ndio walioshika fedha na uamuzi wa kwenda kwa mganga. Basi walimu wakaelimishwa upya mpaka wakaamini, na wanaume wakakutanishwa misikitini na sokoni. Matumizi yakapanda.

Pakiti za ORS zinapatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Usome pakiti ni ya maji kiasi gani. Nyingi ni za lita 1. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Uonje kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 uendelee, na usimwachishe ziwa wala chakula. Kinyesi chenye damu, macho yaliyodidimia, mtoto kulegea au kushindwa kunywa, hayo ni ya kupelekwa kwenye kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Yafaa mama ajue mapema kwamba ORS haikatishi kuhara. Akitarajia kuhara kukome, ataona dawa imeshindwa na ataiacha siku ileile inapohitajika zaidi. Kinachofupisha kuhara ni madini ya zinki, ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mwaka 2004 yatolewe pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14. Hapo pia upo utafiti mpya, na sehemu yake ilifanyika Dar es Salaam. Watoto 4,500 wa Tanzania na India wenye kuhara walipewa zinki ya miligramu 20, 10 au 5 kwa siku 14. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa vipimo vidogo havikuwa dhaifu katika kutibu, na vilisababisha kutapika kwa uchache zaidi. Anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kumpa mtoto kidonge kinachotapikwa. Siku ya tatu mama huacha, na dozi haimaliziki. Kipimo cha mtoto wako hata hivyo utapewa na mganga wa kituo, usikipunguze mwenyewe.

Chama kifanye nini

Msingi wa 7 wa ushirika, uliopitishwa Manchester mwaka 1995, unavitaka vyama kujali jamii. Msingi huo mara nyingi husomwa kwenye mikutano na kuishia hapo. Mimi sipendekezi chama cha mazao kigeuke kuwa mamlaka ya maji. Hapa Tanzania kazi hiyo ina wenyewe: Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watumia maji vya jamii. Katibu awaone hao na mganga wa zahanati kwanza.

Lakini chama kina vitu ambavyo watafiti wa Busia walilazimika kuviunda upya: stoo yenye kufuli, kitabu cha kupokea na kutoa, mtu anayelipwa kukumbuka, na mkutano unaoweza kumwuliza. Tangi la klorini hufa siku linapokauka na hakuna wa kulijaza. Fedha za kulijaza ziingizwe katika makisio ya mwaka na kupitishwa na mkutano mkuu. Zisichotwe kutoka kasha dogo kwa huruma ya mwenyekiti, maana huruma haina risiti. Klorini ya maji hupoteza nguvu kwenye joto, kwa hiyo inunuliwe kidogo kidogo, tarehe isomwe, ihifadhiwe kivulini. Ikae mbali na viuatilifu. Na kwa kuwa nimeliona zaidi ya mara moja, naliandika waziwazi: dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia mashamba halifai kuchotea maji hata likioshwa mara 100. Mwanachama alirudishe katika utaratibu wa kuteketeza vyombo hivyo, wala asimpe jirani.

Mwenye dhamana ya tangi atembelee nyumba chache kila wiki bila taarifa, aonyeshwe chombo cha maji, aone mfuniko na namna ya kuteka, na aandike. Nyumba 5 zilizotazamwa kweli zina maana kuliko 50 zilizotiwa alama mezani. Vipo vifaa vidogo vya kuonyesha kwa rangi kama klorini imebaki ndani ya maji. Bwana afya anaweza kueleza namna ya kuvipata na kuvitumia.

Katibu atakapolisoma somo hili mbele ya wanachama, aanze kwa kuuliza ni nani kati yao, wanaume kwa wanawake, awezaye kusimama na kutengeneza maji ya chumvi na sukari papo hapo, na vijiko viwe vimeletwa. Kisha aulize: kati ya bomba la kijiji na kikombe cha mtoto, maji yetu hupitia vyombo vingapi na mikono mingapi? Cheti cha madini cha kisima chetu kiko wapi? Tangi likiwekwa, litajazwa na nani akiwa safarini yule aliyepewa dhamana? Majibu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano pamoja na majina ya waliokabidhiwa kazi, nami nitakipitia kitabu hicho nitakapofika kwa ukaguzi wa nusu mwaka.